Saladi ya Jodari Isiyo na Mayonezi



Katika ukurasa huu wa mapishi tumezoea kuanza na mahitaji, kisha namna ya kutayarisha. Mwezi huu naomba tutangulize maneno kidogo, kwa sababu swali lililotufikia si la sufuria peke yake. Mama mmoja anaeleza kuwa mume wake amepimwa akaonekana ana shinikizo la damu, na uzito wake umezidi. Daktari amemwagiza apunguze chumvi na mafuta. Sasa chakula anachokipenda mume huyo kila Jumapili baada ya ibada ni saladi ya jodari wa kopo iliyochanganywa na mayonezi. Mama kwa kumhurumia ameanza kumtengea sahani yake peke yake, kabichi la kuchemsha na kipande cha samaki mweupe, wakati watoto wanaendelea na saladi yao. Baba anadonoadonoa, anasukuma sahani, anaondoka mezani kabla ya wenzake. Mama anauliza: saladi hii tuiache kabisa nyumbani, au nifanyeje?

Dada, usiiache. Jodari hana kosa lolote katika habari hii. Ukichukua gramu 100 za jodari wa kopo aliyehifadhiwa kwa maji, ukamchuja, utapata karibu gramu 25 za protini na mafuta yasiyozidi sana gramu 1. Ni vitoweo vichache vinavyomfikia. Mzigo wote upo katika ule mchuzi mweupe tunaommwagia.

Mayonezi ni mafuta ya kupikia yaliyopigwa pamoja na kiini cha yai na siki au ndimu mpaka yakashikana. Katika mayonezi ya kawaida ya dukani, gramu 70 hadi 80 za kila gramu 100 ni mafuta matupu. Kijiko kimoja cha mezani kina kama gramu 10 za mafuta na kalori 90 na zaidi, na protini yake ni kama hakuna. Na ni nani anayeweka kijiko kimoja? Bakuli la familia hula nusu kikombe bila taabu, yaani vijiko 8. Hapo umetia gramu 80 za mafuta na kalori zaidi ya 700 katika chakula ambacho kila mtu mezani anakiita chepesi kwa kuwa kina matango.

Nisieleweke vibaya. Mafuta ya mayonezi kwa kawaida ni ya mimea, wala si sumu, na mtoto mwembamba anayekimbia kutwa nzima hayatamdhuru. Lakini kwa mtu mzima ambaye kazi yake ni ya kukaa, na ambaye ameambiwa apunguze uzito ili shinikizo la damu lishuke, huu ndio mlango wa kwanza wa kufunga. Ni rahisi kuufunga kuliko kumnyang'anya ugali.

Ila kabla ya kuondoa kitu jikoni, jiulize kilikuwa kinafanya kazi gani. Jodari wa kopo ni mkavu, anakauka mdomoni. Mayonezi inamlainisha, inashikanisha vipande vyake na mboga, na inaleta uchachu. Wengi wetu tukiambiwa "bila mayonezi" tunaiondoa tu, hatuweki kitu mahali pake, ndipo inatoka saladi ya kula huku unashushia na maji. Mtu akiikataa hiyo, mimi simlaumu. Kazi zile tatu lazima zipate mfanyakazi mwingine, na mfanyakazi huyo tunaye: ni mtindi, maziwa yetu ya mgando, uliochujwa mpaka ukawa mzito.

Wala tusifikiri kuwa saladi ya namna hii ni chakula cha wagonjwa. Huko Toscana nchini Italia tangu zamani watu huchanganya jodari na maharage meupe, vitunguu na mafuta kidogo ya zeituni, na hakuna anayetafuta mayonezi. Ni chakula chao cha kawaida kabisa. Nimeazima maharage kutoka kwao, kwa sababu nitakayoieleza.

Tuanze na mtindi. Nunua au gandisha nyumbani mtindi usiotiwa sukari. Soma maandishi ya kifuko vizuri, kwani baadhi ya ile inayouzwa kama yogati ina sukari na harufu ya stroberi, na hiyo ukichanganya na samaki utajuta. Chukua kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa na kisicho na harufu ya sabuni, kitandaze juu ya chujio, weka chujio juu ya bakuli, mimina mtindi nusu lita, funika. Acha ndani ya friji saa 4 au 5, au usiku kucha. Asiye na friji achuje kwa saa 2 mahali pa baridi, tena asubuhi na mapema, kisha autumie siku hiyo hiyo. Maji ya kijani-njano yatadondoka chini, na juu utabaki mtindi mzito wa kusimamisha kijiko. Yale maji usiyamwage. Yatie kwenye uji wa watoto au ukandie unga wa chapati.

Mtindi wa kawaida una gramu 3 na nusu hivi za protini kwa kila gramu 100. Ukiisha kuuchuja, kwa kuwa maji yametoka, kiasi hicho hicho kinakuwa na gramu 8 au 9. Kwa hiyo tunapoondoa mayonezi na kuweka mtindi huu hatupunguzi mafuta tu, tunaongeza protini mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Tuje kwa kopo. Kuna jodari wa maji, wa maji ya chumvi, na wa mafuta. Chagua wa maji. Ukipata wa mafuta peke yake, mchuje, umkamue kwa mgongo wa kijiko. Ukipata wa maji ya chumvi, mweke kwenye chujio umpitishie maji safi ya kunywa mara moja, halafu umkamue. Chumvi nyingi huondoka namna hiyo, ingawa si yote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa kujumlisha chumvi yote, hata ile iliyofichwa ndani ya mkate na makopo. Ndiyo maana katika mapishi haya hutaona chumvi. Kopo lililovimba, au linalofoka ukilitoboa, tupa, usionje kwanza.

Ninyi mlio pwani mna bahati ya kumpata jodari mbichi, au ndugu yake mdogo sehewa. Mpike kwa mvuke au mchemshe na ndimu na tangawizi, apoe, umchambue miiba. Ni mtamu kuliko wa kopo. Lakini hapa nawasihi jambo moja. Jodari, pamoja na nguru na vibua, akikaa juani bila barafu hutengeneza sumu ambayo haifi kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Mtu aliyeila huona uso unawaka na kuwa mwekundu, kichwa kinamgonga, vipele vinatoka na moyo unaenda mbio. Wakati mwingine samaki huyo huwasha ulimi kama pilipili, lakini si kila mara, wala harufu yake si lazima iwe mbaya. Kwa hiyo nunua kwa mwenye barafu, asubuhi, na ufike naye nyumbani moja kwa moja. Usipitie kwanza kwenye kikao cha kikundi.

Mahitaji kwa watu 6 ni haya: makopo 2 ya jodari (yakichujwa yabaki kama gramu 240 za samaki), kikombe 1 cha maharage yaliyopikwa bila chumvi wala magadi, mayai 3, nusu kikombe cha mtindi uliochujwa, kijiko 1 cha mezani cha mafuta ya zeituni au ya alizeti, kitunguu maji 1, karoti 1, tango 1, nusu ya pilipili hoho, kipande cha tangawizi, ndimu 1 au 2, haradali kijiko 1 cha chai ukiipata, pilipili manga, na fungu dogo la giligilani.

Nimesema bila magadi kwa sababu magadi nayo yana sodiamu, ile ile iliyomo ndani ya chumvi na ambayo mwenye shinikizo la damu anaikimbia. Tunahangaika na kopo la samaki, kumbe sufuria ya maharage inatusaliti.

Chemsha mayai dakika 10, yapoe kwenye maji baridi, menya na kukatakata. Kitunguu kikate chembamba, ukikamulie nusu ya ndimu, ukiache robo saa ili ukali upungue. Tumezoea kukifikicha kwa chumvi kama cha kachumbari, lakini ndimu inafanya kazi hiyo vizuri. Tango lipasue katikati kwa urefu, utoe mbegu zote kwa kijiko, kisha ulikate. Usiruke hatua hii. Mbegu za tango ndizo zinazotoa maji na kuifanya saladi ya mtindi ionekane kama imelia. Karoti ikwangue kwa upande wa matundu makubwa.

Sasa chukua bakuli kubwa. Weka kwanza mtindi, mafuta, haradali, tangawizi iliyotwangwa na pilipili manga, upige kwa uma mpaka viwe kitu kimoja laini. Onja hapa, kabla samaki hajaingia. Mtindi wa nyumbani huwa na uchachu wake, kwa hiyo ndimu iongeze matone kwa matone. Ukiona umepooza, usikimbilie kibweta cha chumvi. Ongeza pilipili manga, au kitunguu saumu kidogo sana kilichopondwa. Kisha tia jodari, umvunje kwa uma vipande vya kiasi, si kumsaga kama chakula cha mtoto. Ongeza maharage, kitunguu pamoja na ndimu yake, karoti na hoho. Geuza taratibu. Mayai yaingie karibu na mwisho ili yasivurugike. Funika, weka friji kwa nusu saa. Tango na giligilani tia wakati wa kuandaa meza.

Tupige hesabu kwa wenye kupenda hesabu. Jodari anatoa karibu gramu 60 za protini, mayai 18, maharage 15, mtindi kama 10. Hiyo ni zaidi ya gramu 100 katika bakuli, yaani gramu 17 hivi kwa kila mlaji, kabla hujahesabu mkate au viazi. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu 48 kwa siku, kwa hiyo mlo huu mmoja umempatia zaidi ya theluthi. Na mchuzi wetu mweupe, pamoja na kile kijiko cha mafuta, una gramu kama 20 za mafuta mahali pa 80. Kile kijiko nimekiacha kwa makusudi. Bila mafuta yoyote ladha ya ndimu inakuwa kali na fupi, na waliozoea mayonezi watajua mara moja kuwa kuna kitu kimekosekana.

Maharage yana kazi nyingine ambayo mama wa nyumba ataielewa upesi: makopo mawili ya jodari si bei ya mchicha. Kwa watu 6 samaki huyo peke yake angekuwa kijiko kwa kila mmoja. Maharage na mayai yanamfanya afike kwa wote bila kumpunguzia mtu protini.

Sasa nirudi kwa yule baba na sahani yake. Mama mwenzangu, mume hakukataa kabichi. Amekataa kutengwa. Mtu akiambiwa hospitalini kuwa ana ugonjwa wa kumeza vidonge kila siku, tayari amepungukiwa kitu moyoni. Akirudi nyumbani akakuta sahani yake imewekwa upande kama ya mgonjwa wa wodini, na watoto wanamtazama, basi hata ungempikia pilau asingeimaliza. Weka bakuli moja katikati ya meza, wote wachote humo. Watoto hawatapungukiwa lolote kwa kula chakula chenye chumvi kidogo, na wewe mwenyewe pia, maana shinikizo la damu halichagui baba peke yake. Tukisoma Yohana sura ya 21 tunamwona Bwana wetu akiwaandalia wanafunzi wake samaki na mkate ufuoni. Petro aliyemkana alikuwemo, na hatusomi kwamba alitengewa pembeni.

Wako akina mama wanaoshauri umfiche: usimwambie kama umebadilisha, mwache ale tu. Mimi sikubaliani nao. Siku atakapojua, na atajua kwa sababu watoto hawana siri, ataanza kuchunguza kila sahani unayoweka mbele yake. Mwambie kabla hajaonja. Bora zaidi, mpe yeye aonje ule mchuzi kwenye bakuli aseme kama ndimu imetosha. Mtu aliyeamua ndimu iwe kiasi gani hawezi tena kusema saladi ni mbaya. Na nyumba iliyozoea mayonezi mno isilazimishwe kwa siku moja: Jumapili ya kwanza weka nusu mtindi nusu mayonezi, ya pili robo, ya tatu iache kopo lake kabatini. Dawa alizopewa hospitalini aendelee nazo kama alivyoagizwa. Saladi haichukui nafasi ya vidonge.

Kuhusu kuihifadhi, yapo maneno yanayosemwa sana kwamba mayonezi ndiyo inayoharibu saladi kwenye sherehe. Mayonezi ya dukani ina siki ya kutosha kujilinda. Yanayoharibika ni samaki, mayai na viazi vilivyomo, na hayo yote bado yamo katika saladi yetu. (Mayonezi ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi ni habari nyingine, hiyo mjamzito, mtoto mdogo na mzee wasipewe.) Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa isikae nje zaidi ya saa 1. Nawaza zile siku zetu za akina mama kanisani, ambapo mabakuli yanapangwa chini ya turubai saa 4 asubuhi na mhubiri anamaliza saa 8. Ukiandaliwa kupeleka saladi, peleka vitu vyake vikiwa mbalimbali ndani ya ndoo yenye barafu, uchanganye wakati watu wananawa mikono. Iliyobaki nyumbani ikae friji mpaka kesho yake, ikunjwe ndani ya chapati au iwekwe kwenye mkate wa ngano isiyokobolewa. Siku ya tatu isifike.

Wajawazito na wanaonyonyesha wanaweza kuila, lakini mara moja au mbili kwa juma inatosha. Jodari ni samaki anayekula samaki wenzake, na kwa njia hiyo hukusanya zebaki mwilini, na zebaki haimfai mtoto aliye tumboni. Wale jodari wadogo huwa nayo kidogo kuliko wakubwa.

Dada zangu wa Mwanza, Musoma na Kigoma mtasema haya yote ni ya watu wa pwani na maduka makubwa. Chukua sato au sangara, mchemshe na ndimu, umchambue, umwache apoe kabisa, na ufuate maelezo yale yale. Nyama yake ni laini kuliko ya jodari, kwa hiyo mtindi uwe robo kikombe kwanza, kisha uongeze ukiona inahitaji. Na wengi mtauliza maharage bila magadi yataiva saa ngapi na mkaa wa siku hizi. Hilo ni somo la mwezi ujao, Bwana akitujalia. Kwa sasa yaloweke tangu jioni, uyamwage maji yale, na uyabandike na maji mapya.